Katithroti anaitema ndoana kila nikivuta

Mvuvi wa Kigoma: Habari zenu ndugu. Nimekulia Ziwa Tanganyika, kazi yetu ilikuwa dagaa, usiku, karabai na wavu. Sasa niko Montana, Marekani, najifunza kuvua kwa nzi bandia mto Blackfoot. Jana katithroti (samaki wa jamii ya trauti) watatu walipanda juu ya maji, nikaona kabisa mdomo ukifunguka, nikavuta, mshipi ukarudi mtupu. Nakosea wapi?

Babu Mto: Unawahi, mwanangu. Huyu samaki hana haraka. Hupanda taratibu, humfunika nzi, kisha hugeuza kichwa kurudi chini. Hapo ndipo uinue ufito. Mimi husema "bismillah" moyoni, yote, halafu nainua.

Mvuvi wa Kigoma: Shikamoo Babu, nimempata jioni hii! Mistari miwili ya rangi ya chungwa chini ya taya, kama imepakwa kwa kidole. Nilitetemeka mikono.

Mama Neema: Hongera kaka. Kijino cha ndoana kibane kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika. Julai maji yakipata joto mchana, mwache, vua alfajiri. Huyu ni trauti wa asili hapa, na anapotea kwa kuzaana na trauti wa upinde wa mvua waliopandikizwa. Nakuomba sana, umrudishe majini.