Mashua ya mita 8, Tanga: jiko, friji na betri vikae vipi?

BinChongoleani

Assalamu alaykum wakuu. Chombo ni mashua ya mbao, mita 8 na nusu, ina kibanda kutoka omo (mbele) hadi karibu na katikati, na injini ya kupachika ya farasi 40. Inalala Tanga, inatoka siku mbili au tatu: Kigombe, Maziwe, Pangani, na wakati wa kaskazi inavuka hadi Pemba. Watu wanne. Nataka jiko la kueleweka badala ya mkaa juu ya sanduku la mchanga. Mpango hadi sasa ni huu:

Friji dogo la nyumbani la lita 50, inveta ya wati 1000, birika la umeme, jiko la gesi la pleti mbili, mtungi wa kilo 6 chini ya kaunta humo kibandani, betri moja ya gari ya N100, na paneli ya wati 150 juu ya paa. Fundi anasema waya wa nyumba wa 1.5 (milimita za mraba) unatosha. Je, betri itahimili? Na vyombo na vyakula nivipange vipi visimwagike chombo kikienda mrama?

FundiMkondo

Waalaykum salaam. Kabla hujatoa hata shilingi: mtungi usiingie kibandani, friji liwe la volti 12, birika la umeme libaki nyumbani. Mimi nashika umeme, habari ya gesi wapo wanaoijua zaidi.

Anza na matumizi ya saa 24, ndipo uje kwenye betri. Friji la kompresa la volti 12, lita 40 hadi 45, linavuta ampea 4 hivi likiwa linazunguka. Kwa joto letu la nyuzi 30 na zaidi, hesabu kwamba litazunguka nusu ya siku: ampea 4 × saa 12 = Ah 48 (Ah ni ampea-saa). Taa nne za LED za wati 3 kwa saa 5, Ah 5. Redio ya mawasiliano ya VHF ikiwa inasikiliza tu, Ah 4. Simu na GPS, Ah 6. Pampu ndogo ya maji, Ah 1. Jumla 64, weka 65.

Betri ya gari haifai kazi hiyo. Sahani zake ni nyembamba, zimetengenezwa kutoa mkondo mkubwa kwa sekunde chache za kuwasha injini kisha zijazwe papo hapo. Ukiishusha nusu kila usiku inakufa mapema. Chukua betri za sola za risasi, jumla ya Ah 200, na usitumie zaidi ya nusu. Hapo una Ah 100, yaani siku moja na nusu bila jua. Au lithiamu ya LiFePO4 ya Ah 100, ambayo inakupa 80 bila kuumia. Ile ya risasi ina kilo 60 hivi, ya lithiamu 12 hivi, na kwa chombo cha mita 8 tofauti hiyo utaiona kwenye mkao wake majini. Ila lithiamu usiiunganishe moja kwa moja na chaji ya injini: betri ikijikata ghafla kwa ulinzi wake, volti zinaruka na kuunguza diodi za injini. Weka chaja ya DC kwenda DC katikati.

Paneli ya 150: zidisha kwa saa 5 za jua kali, kisha kwa 0.7 kwa ajili ya joto, chumvi na kivuli cha mlingoti. Unapata Wh (wati-saa) 525, karibu Ah 42. Kila siku unadaiwa Ah 23. Wati 300 zinakupa Ah 80 na kitu, na masika zitashuka chini ya hapo. Kontrola ya chaji ya sola iwe ya aina ya MPPT, ampea 30. Unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Wakati wa kufungua, paneli kwanza.

Friji la nyumbani likianza kuzunguka linavuta mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, na inveta yenyewe inakula umeme usiku kucha hata friji likiwa limetulia. Birika nalo: kuchemsha lita moja ni Wh 100 tu, si nyingi, lakini wati 1500 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 130 kwa mkupuo. Inveta yako hailibebi.

Sasa waya, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Kutoka betri hadi friji tuseme mita 4, kwenda na kurudi 8. Waya wa 1.5 ukipitisha ampea 5 unapoteza volti 0.46 njiani. Kompresa ikianza inavuta zaidi, upotevu unafika hata volti 0.8. Betri iko 12.1 alfajiri, friji linaona 11.3. Mafriji mengi ya aina hii yana ulinzi wa betri wa ngazi tatu, na ngazi ya juu hukata kati ya volti 11 na 12. Friji linazima, mtu anailaumu betri, kumbe ni waya. Weka 4, usishuke chini ya 2.5 kamwe, na ulinzi uweke ngazi ya chini au ya kati. Uwe wa nyuzi nyingi. Wa nyuzi moja unakatika kwa mtikisiko. Ukipata uliopakwa bati, bora zaidi, kwani shaba tupu inageuka nyeusi ndani ya ganda kwa chumvi. Fyuzi kuu ikae ndani ya sentimita 18 kutoka nguzo chanya ya betri, na kila mstari uwe na fyuzi yake. Friji mpe fyuzi ya ampea 15.

Koki_Imefungwa

Mkuu, naomba uusome huu polepole. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja chini ya kaunta haitoki dirishani, inashuka kama maji hadi ngamani, chini kabisa ya chombo maji yanapokusanyika, na kukaa humo. Pampu ya ngama ikijiwasha kwa cheche moja, kibanda kinapasuka na watu wamo ndani. Betri ya risasi ikichajiwa hutoa hewa nyingine inayowaka, na hiyo hupanda juu. Kwa hiyo sanduku la betri litobolewe juu, sanduku la mtungi litobolewe chini.

Mtungi ukae nje, kwenye sanduku lake lisilo na upenyo wowote wa kuingia chomboni. Chini kabisa toboa tundu la milimita 19, mpira wake uteremke bila kupinda na kutokea ubavuni, juu ya mstari wa maji chombo kikiwa kimepakiwa. Ndani weka vipande vya mbao, chuma kisilale kwenye maji ya chumvi. Mpira wa gesi ukipita ukuta, pita ndani ya bomba lenye mpira wa kuziba pande zote mbili.

Kipimo cha kuvuja: povu la sabuni kila kiungo, kila unapobadilisha mtungi. Kiberiti kisitumike kabisa. Koki ya mtungi ifungwe kila mapishi yakiisha, kwanza mtungini, gesi iliyo kwenye mpira iungue, ndipo ufunge jiko. Ukinusa gesi kibandani usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Funga mtungi, fungua milango, toa watu, kisha ufue ngama kwa ndoo tupu kama unavyofua maji. Gesi inachoteka.

Kuhusu kiasi usihofu. Pleti moja inakula gramu 150 hivi kwa saa. Mkipika saa moja na nusu kwa siku, kilo 6 zinakaribia mwezi. Mtungi wa kuzimia moto wa unga, kilo 2, utundikwe mlangoni. Ukiutundika nyuma ya jiko itabidi uvuke moto kuufuata.

BinChongoleani

Ahsanteni sana. Nyuma kuna feuli (chumba kidogo cha kuwekea vitu) yenye mfuniko, mtungi unaingia vizuri. Inafaa? Tangi la petroli nalo liko huko huko.

Koki_Imefungwa

Kama ubao wa chini wa feuli una nyufa za kuelekea ngamani, haifai hata ukiipaka rangi mara tatu. Ukiifunika faiba ndani yote, sakafu na kuta, ukatoboa tundu la chini, inafaa. Petroli itoke humo, mvuke wake nao unashuka na hautakiwi kuchanganyika na gesi. Kama feuli ni moja tu, jenga sanduku la plaiwudi na faiba juu ya sitaha upande wa pili, lenye kivuli.

Mpishi_wa_Kusi

Kaka, naongeza la jikoni. Jiko lining'inie kwenye mhimili unaoelekea omo na tezi (mbele na nyuma), ili chombo kikilala ubavu lenyewe libaki wima. Mhimili uwe juu ya uzito wa jiko. Jaribu ukiwa na sufuria iliyojaa maji, maana likiwa tupu linaonekana zuri kisha linapinduka na mzigo. Mpira wa gesi uwe na ulegevu wa kutosha. Pande zote za pleti weka vizuizi vya sentimita 4, na sufuria isijazwe zaidi ya nusu. Mbele ya jiko piga bomba la stenlesi la kushikilia.

Rafu ziwe na ubao wa mbele wa sentimita 7. Milango ya sumaku inafunguka wimbi la kwanza. Weka kitasa cha kubonyeza au pingo la mbao. Sahani za bati au melamini zisimame kwenye vigawanyo, na sufuria ziingiane, kitambaa katikati.

Katoni zote ziishie gatini, mende hutaga kwenye mikunjo ya kadibodi. Unga, mchele na maharage viingie makopo ya mfuniko wa kuzungusha. Vitunguu na viazi viwe kwenye nyavu tofauti, mahali penye upepo. Makopo ya samaki na nyanya yaandike kwa kalamu ya wino usiofutika, karatasi zake zitabanduka kwa unyevu.

Maji: watu 4, siku 3, lita 6 kila mtu, ni 72. Madumu manne ya lita 20, mawili kila ubavu, yafungwe chini katikati ya chombo. Mahali pa pampu ya umeme weka ya mguu: mguu ukiacha, maji yanaacha. Vyombo vioshwe kwa maji ya bahari ukishatoka bandarini, suuza ya mwisho kwa maji baridi (yasiyo ya chumvi).

Friji liwe la kufunguka juu, baridi isimwagike kila ukichukua kitu, na upande wa kompresa uachiwe sentimita 5 za hewa. Ulipoze nchi kavu usiku wa kabla kwa umeme wa nyumbani, utie chupa 4 za maji za lita moja na nusu zilizogandishwa. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza joto la Wh 93, kwa hiyo siku ya kwanza kompresa itazunguka kidogo sana. Na kama safari nyingi ni za usiku mmoja tu, kwa maoni yangu acha friji kwanza: deli lenye ukuta wa sponji wa sentimita 8 na kilo 15 za barafu ya bonge, isiyopondwa, inatosha. Halafu ile Ah 65 inashuka hadi 17, na paneli yako ya 150 inabaki na ziada.