Ni santuri ipi hasa iliyoanzisha fusheni?

Msikilizaji Mgeni ameuliza:

Habari zenu wadau. Kila ninaposoma juu ya chimbuko la fusheni, ambayo mwanzoni iliitwa jazi-roki, naelekezwa kwenye *Bitches Brew* ya mpiga tarumbeta Miles Davis kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Santuri hiyo ilirekodiwa Agosti 1969, lakini ninapoisikiliza sisikii watu wanaojaribu jambo kwa mara ya kwanza. Nasikia watu waliokwisha kulizoea. Je, walipitia wapi kabla ya kufika hapo, na anayetaka kuifuata njia hiyo tangu mwanzo aanze na rekodi ipi?

Sauti ya Besi:

Swali lako lina msingi, mkuu. Tukihesabu kwa tarehe tu, Davis hakuwa wa kwanza. Jijini New York mpiga gitaa Larry Coryell alikuwa na kundi lililoitwa The Free Spirits, ambalo mwaka 1966 lilirekodi *Out of Sight and Sound*, wanajazi wakipiga nyimbo za kuimbwa kwa mdundo wa roki. Baadaye Coryell alijiunga na mpiga vibrafoni Gary Burton, na Aprili 1967 wakarekodi *Duster*, Steve Swallow akishika besi na Roy Haynes akiwa kwenye dramu. Haynes alikuwa amewahi kupiga na Charlie Parker, gwiji wa jazi wa miaka ya 1940, kwa hiyo ile dhana kwamba fusheni ni kazi ya vijana walioipa jazi kisogo haina mashiko. Mimi ningeanza na *Duster*: gitaa linakwaruza na kupindisha sauti kiroki, ilhali wenzake wanalijibu kwa wepesi uleule wa jazi.

Mkusanya Santuri:

Kuhusu tarehe sina ubishi, ila kutangulia ni jambo moja na kuanzisha ni jingine. Davis aliingia polepole: mwaka 1968 alimkalisha Herbie Hancock kwenye piano ya umeme katika *Miles in the Sky*, kisha ikaja *Filles de Kilimanjaro* (jina ambalo bado hunichekesha, maana sijausikia mlima wenyewe humo). Mlango hasa ulifunguka tarehe 18 Februari 1969, siku iliporekodiwa *In a Silent Way*. Wapiga vinanda walikuwa watatu, Hancock, Chick Corea na Joe Zawinul, na gitaa alipewa John McLaughlin, aliyekuwa amewasili kutoka Uingereza mwezi huohuo. Zawinul aliuleta wimbo uliobeba jina la santuri ukiwa umesheheni mabadiliko ya sauti. Davis akayaondoa karibu yote, wakabaki wameegemea sauti moja ya chini.

Halafu mtayarishaji Teo Macero akaingia kazini na wembe wake wa kukatia tepu. Fanya jaribio hili: sikiliza dakika sita za kwanza za upande wa kwanza, kisha ruka hadi dakika sita za mwisho. Ni kitu kilekile, na simaanishi kwamba zinafanana. Ni tepu ileile, iliyonakiliwa na kuungwa tena mwishoni. Upande wa pili nao unafunguliwa na kufungwa na kipande kimoja kilichopigwa mara moja tu. Mwanajazi alizoea kuiona rekodi kama shahidi wa yaliyotokea chumbani, na hapa muziki ulipata umbo lake baada ya wapigaji kwenda nyumbani. Kwangu mimi huo ndio mwanzo, na gitaa la umeme ni sehemu tu ya habari.

Fimbo Mbili:

Mkuu, umemsahau Tony Williams, aliyepiga dramu siku hiyo ya Februari. Katika upande wa kwanza karibu muda wote hagusi kitu zaidi ya vile visahani viwili vinavyobanwa kwa mguu, tiki-tiki-tiki, kama mtu aliyekatazwa kupumua. Mei mwaka huohuo akaingia studio na kundi lake la Lifetime, McLaughlin akiwa kwenye gitaa na Larry Young kwenye ogani, wakarekodi *Emergency!*, na kila alichokizuia Februari kikalipuka. Sauti ya santuri ile ni mbovu, inakwaruza hadi masikio yanauma, lakini ukitaka kujua Mahavishnu Orchestra, kundi aliloliunda McLaughlin mwaka 1971, ilitoka wapi, hapo ndipo pa kusikiliza. Ilipofika Agosti, Williams hakuwa na Davis tena. Kwenye *Bitches Brew* utamsikia Jack DeJohnette akisaidiana na Lenny White, kijana wa miaka 19.

Msikilizaji Mgeni:

Asanteni sana. Nimelifanya jaribio la dakika sita na nimebaki mdomo wazi, kwa sababu santuri hiyo nimeisikiliza zaidi ya mara kumi nikiamini kwamba wanarudia kwa umahiri wa vidole. *Duster* nimeianza leo. *Emergency!* nitaifuatia, nikiwa nimepunguza sauti kwanza.