Naomba ushauri: skimu (mpango wa kufundisha) ya Kilimo Gredi ya 7, niipangeje mwaka mzima iendane na mvua?

mwalimu_eastlands
Habari za likizo walimu wenzangu. Nafundisha Kilimo JSS (sekondari msingi) huku Eastlands, Nairobi, Gredi ya 7 mikondo miwili, na Januari ijayo ndio mara ya kwanza naanza na darasa toka wiki ya kwanza manake mwaka huu nilipokezwa katikati na mwalimu aliyehamishwa. Kuna skimu inauzwa kwa magrupu ya WhatsApp, nimeisoma yote, kwa macho inapendeza lakini kupanda mimea wameweka temu ya pili wiki ya tatu. Hiyo si ni katikati ya Mei? Masika inaelekea kuisha, na maharagwe yanataka miezi mitatu hivi, kumaanisha yatakomaa katikati ya Agosti shule ikiwa imefungwa na hakuna wa kuvuna. Mimi nataka hawa watoto waone mmea toka mbegu mpaka sufuria, wengi wao wamelelewa kwa ploti za ghorofa na sukuma wanaijua ikiwa imekatwakatwa tayari kwa mama mboga. Shamba hatuna, ni kauwanja tu nyuma ya madarasa, na maji ya mfereji yanakuja siku mbili kwa wiki. Nianzie wapi? Na nikibadilisha mpangilio wa mada deputi atakubali kugonga muhuri?

chaki_na_jembe
Mwalimu, weka kitabu kando kwanza, chukua kalenda ya wizara. Temu ya kwanza wiki 13, ya pili 14, ya tatu 9, jumla 36. Vipindi vinne kwa wiki inakupa 144, lakini hiyo ni ya karatasi. Toa wiki ya kufungua, toa mitihani ya midtemu na ya kufunga, toa hafutemu, toa zile siku watoto wameenda michezo, mimi huwa napanga kama niko na wiki 30 tu, yaani vipindi 120, na zikibaki zingine narudia pale walipokwama. Skimu nyingi za kununua zinajaza kila wiki mpaka ya mwisho, ndio maana kufika Juni mtu ako nyuma na anaanza kuruka mazoezi ya vitendo, na Kilimo bila vitendo sijui inabaki nini.

bustani_ya_gunia
Hapo kwa kalenda amenena. Mimi naongezea mvua. Nairobi masika ni Machi mpaka Mei, vuli inaanza Oktoba, na Oktoba ndio shule zinafungwa, kwa hivyo vuli usiiwekee matumaini. Msimu wako ni mmoja. Mimi hufanya hivi: mwanzo wa Februari kitalu cha sukuma kwa makarai yaliyotoboka, wiki nne hadi sita miche iko tayari, katikati ya Machi mvua ikishika tunapandikiza na maharagwe tunatia siku hizo hizo. Likizo ya Aprili hata usiwe na wasiwasi sana, mvua ndiyo inamwagilia. Mkifungua mwisho wa Aprili sukuma inaanza kuchumwa, na maharagwe mtavuna katikati ya Juni kabla ya hafutemu, watoto wote wakiwa shuleni. Na miti pia ipande kabla ya kufunga Aprili, usiipeleke Juni ikauke.

mwl_wa_dizaini
Mimi nitapinga kidogo. Kubadilisha mada ovyo kunaleta shida kwa rekodi ya kazi na kwa mwalimu atakayekupokea. Dizaini ya KICD, yaani mtaala wa taasisi ya kutunga mitaala, inaanza na udongo na maji halafu ndio inafika kupanda, na hiyo ina maana yake, mtoto aelewe udongo kwanza. Acha mada zifuatane vile zilivyo ila kitalu kianze mapema kama kazi ya vikundi, dakika kumi za mwanzo wa kipindi, wakiwa bado wanasoma uchafuzi wa udongo. Kwa skimu unaandika tu kwenye safu ya maoni kwamba kitalu kimeanzishwa. Deputi hatakuwa na neno.

bustani_ya_gunia
@mwl_wa_dizaini sawa, hiyo nakubali, hata ni bora. Tarehe za mmea ndio hazisongi, hayo mengine yanasongezeka.

@mwalimu_eastlands kuhusu nafasi, tumia magunia. Chukua mkebe mkubwa uliotolewa kifuniko na kitako, usimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani, udongo na samadi pembeni, halafu unavuta mkebe juu kidogo unajaza tena mpaka gunia lijae. Unabaki na nguzo ya kokoto katikati, maji ukimwaga juu yanashuka yanafika mpaka miche ya chini. Toboa pembeni upandikize sukuma kuzunguka. Gunia moja watoto sita, kila kikundi na lake, na daftari la kuandika urefu wa majani kila Ijumaa.

mama_wa_jss
Julai ni baridi na mawingu tupu, usiweke kukausha mboga hapo, zitaoza. Julai weka kufuma na kufua, kukausha peleka Septemba kukiwa na jua. Sabuni pia temu ya tatu, ila ile kostiki soda inayochoma ngozi ushike wewe mwenyewe, watoto wasimame mbali.

mwalimu_eastlands
Asanteni sana, mmenitoa mbali. Nimeshaanza kuchora: mada kwa mpangilio wa dizaini, na pembeni safu nyingine ya tarehe za mmea. Swali la mwisho, mvua ya Machi ikichelewa na maji yenyewe ndio hayo ya siku mbili?

bustani_ya_gunia
Pandikiza sukuma kwanza, hiyo inaweza kusaidiwa na mtungi wa lita 20 ambao kila kikundi kinajaza siku ya maji. Maharagwe subiri mpaka udongo ulowe kabisa, hata kama ni wiki ya mwisho ya Machi bado mtavuna kabla ya shule kufungwa.