Matt Rhule na Nebraska: timu inasukwa kweli au tumeganda kwenye ushindi wa mechi 7?

MwanaLincoln

Wakuu salama? Najua humu wengi mpira ni ule wa miguu, ila najua pia tupo tuliokuja Marekani tukanasa na huu wa kwao wa kushika mkononi, hasa wa vyuo, na ukishaishi Lincoln, mji wa Chuo Kikuu cha Nebraska, huna pa kukwepa maana Jumamosi ya mechi mji mzima unakuwa mwekundu, Memorial Stadium inaingiza watu zaidi ya 80,000 na tangu 1962 haijacheza mechi ya nyumbani tiketi hazijaisha, hiyo ni pamoja na miaka yote hii ya maumivu. Sasa mi nina jambo linanikaa rohoni tangu msimu wa 2025 uishe.

Kocha Rhule aliletwa mwisho wa 2022 kwa mkataba wa miaka 8 na dola milioni 74, na tulivyoambiwa wote ni kwamba huyu jamaa ni fundi wa kusuka timu zilizokufa. Na rekodi ipo kweli, pale Temple mwaka wa kwanza alishinda 2 akapoteza 10, wa pili 6 kwa 6, wa tatu 10. Akaenda Baylor iliyokuwa imeharibika kabisa, mwaka wa kwanza kashinda mechi MOJA kati ya 12, wa pili 7, wa tatu 11. Kwahiyo mashabiki tukajipangia wenyewe, mwaka wa tatu ndo wetu. Haya, 2023 tukamaliza 5-7 (tumeshinda 5, tumepoteza 7), 2024 7-6, na huo mwaka wa tatu wenyewe tukamaliza 7-6 tena, tena tumefunga msimu kwa kupigwa 37-10 na Penn State, 40-16 na Iowa nyumbani kwetu, alafu Utah 44-22 kule Las Vegas. Na katikati ya msimu chuo kilishamuongezea mkataba hadi 2032!

Mi sio wa kusema afukuzwe, nataka kuelewa tu. Mnaoifuatilia hii timu, mnaona kuna kitu kinajengwa pale au tumeridhika kwamba sio wabovu kama zamani?

mzee_wa_Omaha

Mwanangu umeuliza vizuri ila umeanzia hadithi katikati. Mimi nilifika huku enzi za Tom Osborne, huyo mzee alifundisha kuanzia 1973 hadi 1997 na akaondoka na ushindi 255, alipoteza 49 tu kwa miaka 25. Ubingwa wa taifa 1994, 1995, na 1997, na kabla yake kulikuwa na wa 1970 na 1971. Watu wa hapa walizoea kushinda wakaona ndo kawaida ya maisha.

Sasa wale waliokuja baadaye walifanya nini? Bo Pelini alikuwa anashinda mechi 9 au 10 kila mwaka, kila mwaka, wakamfukuza 2014 kwamba 9 hazitoshi. Akaja Mike Riley, miaka mitatu, wa mwisho akashinda 4. Akaja kijana wa nyumbani Scott Frost, kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) wa ule ubingwa wa 1997, ametoka chuo cha UCF bila kupoteza hata mechi moja 2017, tukasema mtoto karudi mambo yamekwisha. Alishinda 16 akapoteza 31. Mwaka 2021 ule ndo sitausahau, mechi 9 tulizopoteza zote zilikuwa za chini ya pointi 10, zote tisa, yaani kila wiki unakaa mbele ya tivii unajua kabisa mwisho wake na bado moyo unadunda. Kaondoka Septemba 2022 baada ya kufungwa na Georgia Southern pale pale nyumbani 45-42, na wakakubali kumlipa milioni 15 wakati wangengoja mpaka Oktoba wangelipa nusu yake. Hiyo ndo hali aliyoikuta Rhule.

Kwahiyo mimi nikiona timu inashinda 7 miaka miwili mfululizo na inacheza mechi za Desemba, zile za baada ya msimu, ninamshukuru Mungu. Kabla ya 2024 mara ya mwisho kufika huko ilikuwa 2016, watoto wangu walikua bila kuiona. Ule ushindi wa 20-15 dhidi ya Boston College kule Yankee Stadium wengine wanaudharau, mimi nililia.

Njoro254

Mzee heshima zako, na hiyo historia iko sawa kabisa, lakini wasee tuache kujipima na Frost bana, hiyo ni kipimo ya chini sana. Jipimeni na Indiana. Hawa watu kwa hii mchezo walikuwa wa mwisho wa mwisho miaka na miaka, 2023 wameshinda mechi 3. Akaja Curt Cignetti akabeba wachezaji wake kumi na watatu kutoka chuo cha James Madison, 2024 akashinda 11, katikati hapo akawapiga nyinyi Nebraska 56-7, na msimu uliofuata akachukua ubingwa wa taifa mechi 16 bila kupoteza. Miaka MIWILI. Kwahiyo hii story ya ati kujenga inataka miaka mitano, sita, ilikuwa ukweli kitambo wakati mchezaji akihama lazima akae nje mwaka mzima. Siku hizi kijana anahama leo na msimu ukianza anacheza, tena toka 2021 wanalipwa pesa ya jina na sura yao, na kutoka 2025 chuo chenyewe kinaruhusiwa kuwalipa, karibu milioni 20.5 kwa mwaka. Nebraska pesa iko. Uwanja unajaa. Sasa shida ni gani kama si kocha?

Na ile kitu inaniuma mimi zaidi ni hii: tangu iifunge Oregon Septemba 2016 hii timu haijawahi kushinda timu yoyote iliyo kwenye 25 bora za taifa. Yaani karibu miaka kumi, makocha watatu, hakuna hata bahati mbaya moja ya kushinda?? Na chini ya Rhule zimepita kibao ambazo zilikuwa mkononi. Illinois 2024 ikaenda muda wa nyongeza. Michigan 2025 pointi tatu. USC 2025 mlikuwa mnaongoza mkalala 21-17.

Asha_KC

Njoro umegusa ila umeruka kitu. Mechi ya USC ndo siku Dylan Raiola alivunjika mguu. Huyo ndo kwotabeki wa nyota tano (daraja la juu kabisa la vijana wanaosajiliwa) ambaye Rhule alimtoa mikononi mwa chuo cha Georgia, tena baba yake alicheza hapo hapo Nebraska, na msimu ukabakia kwa TJ Lateef, kijana wa mwaka wa kwanza. Akacheza na UCLA akashinda vizuri tu. Baada ya hapo ni Penn State na Iowa, na humo hata angekuwa nani.

Ila mi siwezi kumtetea Rhule kwa jeraha peke yake na nitawaambia kwanini. Nimeangalia hii timu kwa makini na tatizo langu halipo kwa kwotabeki, lipo kwa wale wanene wa mbele. Laini. Watu hawapendi kuwaangalia kwasababu hawagusi mpira, lakini angalieni Minnesota 24-6, Raiola hakupewa hata nafasi ya kuvuta pumzi, anadaka mpira anageuka tayari kuna mtu kifuani. Na upande wa ulinzi Michigan wakikimbia walikuwa wanapita katikati wanaenda moja kwa moja hadi mwisho wa uwanja. 2024 kulikuwa na Ty Robinson na Nash Hutmacher pale mbele, wakamaliza chuo, na waliokuja nyuma yao hawakuwa tayari. Sasa kocha mwenye miaka mitatu pale, hao waliopaswa kuwa tayari ni aliowasajili yeye mwenyewe. Hapo ndo ninapomhukumu.

Ukiwasikiliza wazee wa Lincoln watakwambia Nebraska ya Osborne ilitengenezwa kwenye chumba cha vyuma. Hii timu ndo ilikuwa kati ya za kwanza kabisa Marekani kuajiri mtu kazi yake ni kuwanyanyulisha wachezaji uzito tu, Boyd Epley, tangu 1969. Na wale vijana wa vijijini wanaojiunga bila skolashipu, wanakaa miaka mitatu minne wanakula na kunyanyua, wakija kucheza ni milima. Indiana haikuwa na mizizi ya hivyo, ikanunua. Sisi tulikuwa nayo tukaiacha ikanyauka, na Rhule kila akiongea anasema anairudisha, ila kwa macho yangu Novemba ikifika bado tunasukumwa.

MwanaLincoln

Shikamoo mzee wetu, nashukuru kwa historia. Asha dada yangu hapo kwenye Novemba umenifungua macho maana nimekaa nimerudi kuhesabu. 2023 tulikuwa 5-3, ushindi mmoja tu ulikuwa unatosha kwenda mechi za baada ya msimu, tukapoteza zote nne za mwisho, Michigan State 20-17, Maryland 13-10, Wisconsin muda wa nyongeza, Iowa 13-10. 2024 tukaanza 5-1 alafu nne mfululizo zikaenda, mpaka tulipoikuta Wisconsin tukaipiga 44-25 ndo tukapumua. Na 2025 mmeshaona. Sasa miaka mitatu mfululizo kitu kile kile hiyo sio bahati mbaya, kuna jibu mahali.

Bukavu_Iowa

Bandugu, miye niko upande wa pili, niko Iowa na ninashangilia Iowa, mtanisamehe. Lakini ninaipenda hii mazungumzo kwa sababu mnamtaja sana Cignetti na hamumutaji mutu mwenye anawapiga karibu kila mwaka. Kirk Ferentz alikuja Iowa 1999. Mwaka wa kwanza alishinda moja, akapoteza kumi. Wa pili alishinda tatu. Wa tatu saba. Watu walikuwa wanaomba aondoke. Mwaka wa ine alishinda 11. Na mpaka leo iko pale pale. Hakuwa na nyota tano, alikuwa na laini, vijana wa mashamba, na mutu wa kupiga teke.

Muangalie hata namna tumewashinda. 2023, 13-10, teke la mwisho. 2024, 13-10 tena, teke la mwisho, metre zaidi ya 45. Mara mbili hatukuwa na ushambuliaji wa maana, kila mutu anajua. Lakini timu ya Ferentz inajua kukaa ndani ya mechi mbaya mpaka mwisho, njo maana inashinda. Hiyo haununui. Hiyo inatoka kwa kocha kukaa na watu wake na wasaidizi wake miaka mingi, na Nebraska tangu Osborne aondoke mnabadilisha kila kitu kila mara.

Njoro254

Heshima kwa Ferentz lakini hiyo ni 1999. Wakati huo hakuna mtu alikuwa anaweza kumpigia simu kijana wako Januari na kumpa pesa ahame. Juu ya hiyo, Raiola mwenyewe si ameenda Oregon? Mumejenga nyumba mkitumia mlango wake na ameondoka nao.

Asha_KC

Njoro hiyo la Raiola kuondoka ndo linanipa matumaini kidogo, usishangae. Angalia kilichofuata baada ya msimu. Kocha wa laini katolewa, na huyo alikuwa baba mdogo wa Raiola, kwahiyo Rhule alijua kabisa anachofungua. Kocha wa ulinzi naye kabadilishwa, sasa ni mtu wa pili kwenye hiyo kazi tangu Tony White aende Florida State. Yaani kakubali kwamba tatizo lipo pale pale tunapolilia sisi. Wengi wangemlinda mtoto wa nyota tano wakaacha laini ioze. Ninachomlaumu ni kuchelewa, maana dalili zilikuwepo toka 2024.

Na Bukavu ana hoja ambayo Njoro unaipita haraka. Pesa inaleta wachezaji, sawa, ila Cignetti alikuja na makocha wasaidizi wake na wachezaji waliokwisha kuzoea kazi yake, wale kumi na watatu walikuwa timu tayari kabla hawajakanyaga Indiana. Rhule alitoka Panthers, timu ya ligi ya kulipwa ya NFL, hakuwa na kikosi cha chuo cha kubeba. Mnalinganisha aliyehamisha nyumba na aliyekuta kiwanja.

mzee_wa_Omaha

Nawasoma wote na nafurahi sana kuona vijana wetu mnaijua hivi. Mimi nitaongeza moja, jiografia. Nebraska ina watu milioni mbili tu, vijana wa kiwango cha juu wanaozaliwa hapa kila mwaka wanahesabika kwa vidole. Osborne alikuwa anakwenda kuwatafuta Texas, California, New Jersey, na tangu 1996 Texas ikawa rahisi zaidi maana tuliingia ligi moja na vyuo vyao. 2011 tukahamia ligi ya Big Ten kufuata pesa, Texas ikawa mbali. Tangu hapo hatujashinda ligi hata mara moja. Hilo hata umpe nani kazi atalikuta mlangoni.

MwanaLincoln

Kwahiyo mzee na wewe ungempa hadi lini?

mzee_wa_Omaha

Mimi 2026 sitahesabu mechi alizoshinda. Nataka aifunge timu moja iliyo kwenye 25 bora, na Ijumaa ile ya Iowa mwishoni mwa Novemba laini yetu isimame robo ya nne ikiwa bado ina nguvu. Akikosa vyote viwili, mkataba wa 2032 usiwe sababu ya kumbakiza, tulishamlipa Frost.

Bukavu_Iowa

Ile ya Ijumaa mzee, utaongea na Ferentz kwanza.