Naomba ushauri: baada ya Sommersby nitazame ipi?

Wakuu, nimemaliza kutazama Sommersby ya 1993, ya Richard Gere na Jodie Foster. Mwanajeshi anarudi Tennessee baada ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, mpole kuliko alivyoondoka, na mkewe anampenda upya huku moyo una shaka. Kilichonikaa kichwani ni fundi viatu kugundua kuwa mguu wa jamaa umepungua saizi. Vita hukondesha mtu, lakini mguu kufupika?

Najua chanzo ni kisa cha kweli cha Martin Guerre, mkulima ambaye mtu mwingine alirudi kwa mkewe akijifanya ndiye yeye hadi kesi ikafika mahakamani, Ufaransa, karne ya 16, na kuna filamu ya Kifaransa ya 1982 aliyocheza Gérard Depardieu. Mliotazama zote mbili, mke ana nafasi kubwa kama hii? Au nianze na historia ya kesi yenyewe? Nataka mapenzi yawe kiini, mizinga baadaye.