Pori ya kijiji inaisha juu ya makala (makaa ya kupikia), tufanye nini?

MwanaKasenga:
Bandugu jambo. Kijiji ya babu yangu iko ku barabara ya Kasenga, pori yetu njo tulikuwa tunaokota bowa (uyoga) na vishimu (viwavi vya kula), sasa fuso zinatoka Lubumbashi kila juma zinapakia makala. Shefu akiwafukuza banamuonyesha karatasi zao, siye hatuna hata moja. Kijiji inaweza kupata karatasi ya pori, ao yote ni ya Leta (serikali) na basi?

Yaya_Likasi:
Mudogo, udongo ni ya Leta, kweli, lakini kodi (sheria) ya misitu ya Kongo ya 2002 inaruhusu kijiji kuomba pori yenye bankambo balikuwa nayo, na dekre ya 2014 ikaonyesha namna: mpaka hektari 50,000, bure, na haina mwisho. Guvernere njo anasaini arete, ile karatasi ya pori. Kazi kubwa iko ku karte, mutembee mipaka kwa miguu pamoja na vijiji ya pembeni, kila mutu asaini, juu jirani mumoja akikataa kamuto kamoja tu dosie inalala mu biro. Na shefu asiende kusaini peke yake, hapana kabisa.

Mama_Bowa:
Karatasi muzuri, na moto je? Muti ya miombo ukiikata inachipuka tena ku kisiki, hauna hata lazima ya kupanda, kinachoua machipukizi ni moto ya mwezi wa 9 na wa 10, majani imekauka yote. Huku kwetu tunachoma mapema, mwezi wa 5, majani ingali na maji kidogo, moto inatambaa chini chini na usiku baridi inaizima. Mabango ya "usikate muti" ni kupoteza feza, nani anayasoma?

Kipushi_Boy:
Muangalie kwanza kama kuko kare za madini (viwanja vyenye Leta inapatia kampani juu ya kuchimba) juu ya ile pori. Arete ya kijiji haigusi vya chini ya udongo, kampani yenye lesansi inaweza kuja na mashini, mutaanza palabre (mabishano) mupya.

MwanaKasenga:
Aksanti yaya, aksanti mama. Shida ingine, nusu ya bale bachoma makala ni bashemeji zetu.

Mama_Bowa:
Eh basi njo bao muingize mu komite! Mubaonyeshe fasi ya kukata mwaka huu na fasi ya kuacha miti ikomale tena. Ukibafukuza batarudi usiku.