Penthausi Milimani, foleni ya mitungi Nyalenda: tuendelee kupitisha ramani za majumba haya Kisumu?

Fundi Bomba, Nyalenda: Wiki jana niliitwa Milimani, hapa Kisumu, kuzibua sinki kwenye penthausi, yaani nyumba ya kifahari ya juu kabisa ya jengo, ghorofa ya tisa. Jengo sitalitaja. Lifti inafunguka moja kwa moja sebuleni, wallahi, hakuna hata kibaraza cha kuvulia viatu. Hodhi la kuogea limewekwa dirishani ili ukilala majini uione Ghuba ya Winam yote. Juu ya paa nikahesabu matenki manne ya lita elfu kumi kumi. Nikatoka hapo kwa miguu, sijachoka hata, nikamkuta mke wangu Nyalenda kwenye foleni ya mitungi ya maji. Sina shida na tajiri kuwa na nyumba nzuri. Ninauliza: ramani za majumba haya zinapitishwaje kabla mabomba ya maji na ya maji taka hayajaongezwa?

Nyar Ahero: Omera, huo ni wivu umevaa ovaroli. Kaka yangu ni fundi wa vigae. Mjengo mmoja kama huo ulimpa kazi miezi minane, karo ya watoto watatu ikalipwa bila kuuza ng'ombe. Wenye pesa wakikosa nafasi hapa watajenga Nairobi, kisha mtalia tena kwamba Kisumu imesahaulika.

Fundi Bomba: Kaka yako sasa anafanya kazi wapi? Mjengo ukiisha wanabaki mabawabu wawili na mama wa usafi. Na kuhusu wivu, hesabu ni hii: kila mita 10 za kupandisha maji zinakula presha ya baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Ghorofa ya tisa ni kama mita 27, na presha ya mtaani haifiki huko. Kwa hiyo wanaweka pampu. Pampu ikichomekwa moja kwa moja kwenye laini ya maji ya mtaa badala ya kuvuta kwenye tenki la chini, inanyonya hata tone lililokuwa likija kwetu mteremkoni. Hili nimeliona kwa macho yangu, tena si mara moja.

Mzee wa Kaloleni: Nyathina, mwanangu wa Ahero, uliza pia nani analala humo. Chini ya sheria ya mwaka 2020, kila nyumba ya ghorofani inaweza kupata hati yake. Jambo jema, lakini sasa mtu aliye Marekani ananunua penthausi kama anayeweka akiba benki. Taa zinawaka Desemba tu. Tusidhani pia kwamba urefu ni raha. New York kuna mnara wa mita 426, 432 Park Avenue, na mwaka 2021 wenye nyumba walikwenda kortini kulalamikia maji yanayovuja na lifti zinazokwama. Kama kwao ni hivyo, sisi ambao stima ikipotea lifti inageuka kabati?

Mwanafunzi wa Usanifu: Mmeishika penthausi mkasahau lofti, yaani nyumba iliyotengenezwa ndani ya karakana au godauni la zamani. Lofti za SoHo, hukohuko New York, hazikuanza kama anasa. Zilikuwa karakana tupu zenye madirisha makubwa, wasanii wakahamia kwa sababu kodi ilikuwa chee, na mwaka 1971 jiji likawaruhusu rasmi. Matajiri walikuja baadaye. Hapa tuna magodauni kule Obote Road. Paa la juu, ukuta mnene. Gawanyeni hayo muwapangishe vijana kabla ya kumwaga zege jipya.

Nyar Ahero: Godauni lenye bati, jua la Kisumu la saa nane? Kalale wewe kwanza, utuletee ripoti.

Mwanafunzi wa Usanifu: Bati linawekewa dari na matundu ya hewa, dada. Linagharimu, sikatai.

Nyar Ahero: Haya. Lakini hilo la pampu kwenye laini, Fundi, hapo umenishika. Hilo ni wizi, awe tajiri awe nani. Ulimwambia mwenye nyumba?

Fundi Bomba: Mwenye nyumba sikumwona. Nilimwambia msimamizi, akaniuliza kama nimeitwa kwa sinki au kwa pampu. Akanilipa elfu mbili, na bawabu akapekua begi langu nikitoka.